Jogoo wa Kukombolea Gitaa Nilimla, Pikapu Nikabaki Nayo

*Bi Romana wa Tabora, aliyetengeneza redio miaka ishirini na miwili kabla hajaanza kutengeneza watu, anajibu barua za wasomaji.*

Mpendwa mshauri wetu Bi Romana,

Msaada nauomba, lakini kwanza naomba usome mpaka mwisho ndipo unitukane, maana mimi ni mzee wa miaka sitini na saba, shule niliishia darasa la nne kwa sababu mwalimu na ng'ombe wa baba walinitaka saa ile ile na ng'ombe walikuwa wengi kuliko mwalimu, kwa hiyo mwandiko wangu ukikushinda mpelekee mtu wa duka la dawa, wale wamezoea.

Naitwa Malale, Msukuma, nakaa Kakese nje kidogo ya mji wa Mpanda. Huku nililetwa na ng'ombe mwaka sabini na mbili, mwaka uliofuata nikaacha kuwafuata ng'ombe nikafuata gitaa, na mke wangu Nyanzala anasema nilibadilisha zizi tu, tabia ni ile ile. Mjini kulikuwa na bendi ya watu sita, mimi ridhimu, na solo akipiga Mfipa mmoja wa Makanyagio anaitwa Ponsian, Mkatoliki wa kuwahi misa ya kwanza hata kama dansi limeisha saa kumi na moja alfajiri. Msukuma na Mfipa ni watani, hilo sina haja ya kukufundisha, basi kwa miaka ishirini hatukuitana majina, mimi nikimwita rubani wa ungo na yeye akiniita mkia wa ng'ombe, na tulipendana kiasi kwamba tukikosana wake zetu walikuwa wanaogopa.

Sasa swali lenyewe. Gitaa la umeme, mama, lina masikio. Chini ya nyuzi kuna visanduku vyenye sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara maelfu, sisi watu wa bendi tunaviita pikapu, vyenyewe ndivyo vinavyousikia uzi ukitikisika na kuupeleka kwenye amplifaya. Gitaa langu ni la Kicheki, lina pikapu mbili, moja mbele karibu na shingo na moja nyuma karibu na pale mkono unapochapia. La Ponsian ni la Kijapani, nalo mbili vile vile. Kuna swichi: ukiisukuma juu inasikia ya mbele, chini inasikia ya nyuma, ukiiacha katikati zinasikia zote. Mcheki wangu ana sauti nene ya upole kama mtindi uliolala kwenye kibuyu. Lakini ile pikapu ya nyuma ya Ponsian, Bi Romana, ilikuwa inakata! Ilikuwa kama kanga anayemwona nyoka, halafu katikati ya kelele hizo kuna utamu, sijui Mjapani aliuweka na kijiko gani. Miaka ishirini nimesimama hatua mbili kutoka kwenye sauti ile nikipiga ridhimu yangu ya mtindi na kumeza mate.

Ponsian alikufa Agosti mwaka jana, kifua, wiki mbili tu. Mimi kama mtani nikafanya kazi yangu msibani: niliingia kaburini kabla yake nikagoma kutoka mpaka wakanipa pombe, nikavaa kofia yake, na siku ya tatu nikalitoa gitaa lake kwenye msumari ukutani nikatembea nalo uani nikitangaza kwamba Mfipa ameshapata kinanda huko aliko, hili sasa ni la Msukuma mpaka likombolewe. Mjane wake, Pudensiana, akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu mume afe, hata masista waliokuwepo walimwona. Akalikomboa kwa jogoo mwekundu, jogoo mwenye mapaja, nami nikapokea na kusema gitaa litarudi keshokutwa likishanililia kidogo.

Hizo siku mbili ndizo zilizoniponza. Nilitaka kuangalia tu ndani, na kuangalia, Bi Romana, ndiko kunakomaliza wanaume wengi. Nikafungua skrubu, nikaiona pale, ndogo, nyeusi, haina hata aibu. Nikapasha chuma kwenye mkaa, nikaibandua, nikaichimbia shimo kwa patasi kwenye gitaa langu, na ile yangu ya nyuma nikaipachika kwenye gitaa la marehemu, na kwa kuwa shimo lilikuwa kubwa nikakata kipande cha plastiki nyeusi kutoka mgongo wa redio kaseti iliyokufa nikafunika, skrubu nne mpya, ukiangalia harakaharaka unaona kiwanda. Keshokutwa nikarudisha. Jogoo nilishamla.

Naomba unielewe furaha niliyopata. Jioni ile niliunga betri ya gari kwenye amplifaya, nikasukuma swichi chini, nikachapa mara moja tu. Mbuzi walikimbia, ng'ombe wote waliinua vichwa, Nyanzala akauacha ugali jikoni akatoka na mwiko mkononi akasema, “Huyo si Ponsian?” Mwili ulinisisimka mpaka kwenye meno. Nilipiga mpaka vidole vikaomba likizo, nikavinyima, na kwa mwezi mzima nilikuwa kijana, waulize hapa Kakese, walikuja watu na viti vyao.

Halafu shida. Wimbo wa Ponsian, ule aliowatungia watoto wake, haupigwi na pikapu moja, unapigwa swichi ikiwa katikati, zote mbili zinasikia. Nikaiweka katikati. Sauti ikakimbia! Unene umekwenda, utamu umekwenda, kimebaki kitu chembamba kama mbu ndani ya debe. Kila moja peke yake ni simba, zikikaa pamoja ni mbu. Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini aliyetunga methali hiyo hakuwa na ng'ombe, mimi ninao wanne zizi moja na wanakaa, kwa hiyo sikukubali. Nimebadilisha nyuzi, nimesugua swichi kwa mafuta ya taa, nimeisogeza hii na ile, wapi.

Na sasa nikwambie lililonifanya ninunue stempu. Ponsian ana binti, Katarina, miaka ishirini na moja, ndiye aliyerithi gitaa, na anapiga, anapiga hasa, ana vidole vya baba yake na ukaidi wa mama yake. Pasaka alipiga kwenye kwaya, akaweka swichi katikati kama alivyomwona baba, na gitaa likatoa mbu yule yule. Watu wakanong'ona kwamba gitaa linaomboleza, halimtaki mtu mwingine. Mwanzo nilicheka kimoyomoyo. Mwezi wa tano nilikwenda kuwasalimia nikamkuta analipangusa, akaniuliza bila kuinua macho, “Mtani, hizi skrubu baba alizinunua lini?” Nikajibu kwamba marehemu alikuwa na siri nyingi. Akanitazama, akaendelea kupangusa.

Juzi ndiyo nimeacha kucheka. Pudensiana aliniambia misa ya mwaka mmoja ni tarehe ishirini na nne Agosti, Katarina apige wimbo wa baba yake pale uani baada ya misa, na baada ya hapo basi. “Kama gitaa halitaki, mtani, tusililazimishe,” aliniambia. “Yule mchuuzi wa dagaa wa Kapalamsenga ameliomba, akipita namwachia.” Katarina alikuwa amekaa pale pale na hakubisha. Msichana aliyenibishia tangu anaota meno, hakubisha. Niliporudi nyumbani nikapiga ile pikapu, kanga akalia vizuri tu, na mimi sikusikia utamu.

Sasa naomba haya. Kwanza, niambie namna ya kuchanganya pikapu ya kiwanda hiki na ya kiwanda kile zipatane, maana bado nina hamu, nikidanganya utajua. Pili, nina mpango: niende Makanyagio nijifanye nalipiga gitaa la Katarina msasa, nilifungue, nilitengeneze kimyakimya, nifunge, niondoke, wote tufurahi, na marehemu akae na siri zake. Nikisema ukweli, Pudensiana atanifukuza na utani wetu utakufa, na mimi sina mtani mwingine wa daraja lile. Nyanzala anasema nimeharibu, lakini yeye alimla jogoo kipapatio na shingo, kwa hiyo ushahidi wake una mafuta.

Jibu kabla ya Agosti, maana gazeti lenu likifika Mpanda kwa treni linakuwa limeshazeeka kuliko mimi.

Mzee Malale,
Kakese, Mpanda, 2 Julai 1996

BI ROMANA ANAJIBU

Mzee Malale, shikamoo. Salamu umezipata, sasa kaa chini.

Umeniandikia kurasa nne za sumaku na ndani yake umeficha mistari kumi ya wizi, kama mtu anayemfichia mtoto kidonge kwenye ndizi. Mimi kidonge nimekiona. Tutaanza na sumaku kwa sababu ndiyo rahisi.

Hakuna pikapu iliyokufa hapo, na hakuna gitaa linaloomboleza. Huko kwenu mninga unapasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mmoja chini ndani ya shimo. Huyu akivuta, yule analegeza, na mbao inapasuka. Siku wakivuta wote kwa pamoja, kila mmoja ana nguvu zake kamili, jasho linatoka, na msumeno umesimama. Mcheki alizungusha waya wake na kuweka sumaku yake kwa utaratibu wake, Mjapani kwa wake. Hakuna aliyekosea. Kila kiwanda kilipanga pikapu zake mbili zielewane zenyewe, hakikujua kwamba Kakese kuna mzee mwenye patasi. Ukawatenganisha ndugu, ukawaoza wageni wawili bila kuwauliza wanavuta upande gani. Sauti nene ya hii inafutwa na sauti nene ya ile, kinachobaki ni mbu. Na kwa kuwa ulibadilishana, umetengeneza mbu wawili: mmoja kwako, mmoja kwa Katarina.

Dawa yake ni hii. Tafuta fundi redio mwenye mita ya mshale. Mita iwekwe kwenye kipimo kidogo kabisa cha umeme wa betri, waya mwekundu wa mita kwenye waya wa pikapu unaopeleka sauti, mweusi kwenye ule wa pili, halafu gusa sumaku ya pikapu kwa bisibisi, tap, uangalie mshale umeruka kulia au kushoto. Fanya hivyo kwa zote mbili. Utaona moja inaruka kulia na nyingine kushoto. Basi chukua moja, uzigeuze nyaya zake mbili, wa sauti uende ulipokuwa wa pili na wa pili uende ulipokuwa wa sauti, ulehemu. Ila chunguza kwanza: kama pikapu hiyo ina kifuniko cha bati, na bati limeungwa na mmoja wa nyaya hizo, litenganishe na waya huo ulipeleke peke yake kwenye waya wa chini, yaani ethi, la sivyo kila ukiligusa gitaa litanguruma kama jenereta ya misheni.

Zikishavuta kwa zamu, zisawazishe sauti. Kanga wako ana kelele kuliko mtindi, kwa hiyo mshushe mbali na nyuzi, na mtindi uupandishe. Bonyeza uzi mpaka mwisho wa shingo, nafasi kati ya uzi na ile yenye nguvu iwe kama sarafu mbili zilizolaliana, ile ya upole moja na nusu. Sikiliza, ongeza, punguza. Hapo sikio ndilo linaloamua, na sikio unalo, ndilo lililokuponza.

Hayo ni ya waya. Sasa ya kwako.

Usiniletee utani hapa kama kichaka cha kujifichia. Mimi ni Mnyamwezi, nimezika na watani na nimezikiwa na watani. Mtani ana ruhusa ya kulala kaburini, ana ruhusa ya kuvaa kofia ya marehemu, ana ruhusa ya kuondoka na gitaa. Ulimchekesha mjane siku ya tatu, na kwa hilo Mungu akuongezee miaka. Lakini kitu kikishakombolewa kinarudi kizima. Ndiyo sheria pekee iliyopo, mzee, nyie hamna nyingine. Ulipomeza paja la kwanza la jogoo yule, kila skrubu ya gitaa lile ilirudi kuwa ya Ponsian. Ulichofanya baada ya hapo hakiitwi utani, na wewe unalijua jina lake ndiyo maana hukuliandika.

Nakuonea huruma, nisikufiche. Kusimama miaka ishirini hatua mbili kutoka kwenye sauti unayoitamani, na mwenye sauti akiondoka ukanyoosha mkono ubaki nayo, hapo sioni pikapu peke yake. Ulitaka rafiki yako aendelee kulia uani kwako. Mkeo alipotoka na mwiko akasema “Huyo si Ponsian?” ndiyo ulichokuwa unakitafuta. Lakini umeichukua sauti ya baba ukamwachia binti mbu, na sasa binti anaamini kwamba baba yake anamkataa. Huko ndiko ulikofika, babu mzima.

Na ule mpango wa msasa uutupe. Katarina anajua kwamba gitaa ulilifungua. Msichana anayepangusa gitaa la baba yake, akakuuliza habari za skrubu bila kuinua macho, huyo alikuwa anakufungulia mlango upite. Wewe ukamsingizia marehemu. Amesubiri tangu mwezi wa tano uingie mwenyewe, ameona huingii, amechoka. Kimya chake mbele ya mama yake ndicho hicho. Akilipoteza gitaa Agosti, halijachukuliwa na mtu wa dagaa, limechukuliwa na wewe mara ya pili.

Kwa hiyo, ukimaliza kusoma, funga gazeti. Tafuta jogoo mwekundu mwenye mapaja, asiwe mdogo kuliko yule, na Nyanzala ambebe, maana naye alikula. Chukua gitaa lako, mita ya mshale, bisibisi, na chuma cha kulehemu cha umeme uazime kwa fundi, mambo ya mkaa yaishe. Nenda Makanyagio mchana kweupe, mkute Pudensiana na binti yake pamoja, useme kwa kifupi. Usianze na hadithi za ng'ombe. Sema, “Gitaa lililokombolewa sikulirudisha zima.” Halafu nyamaza. Atakachosema Pudensiana ni haki yake, hata akikifanya kirefu. Mke wa Mfipa aliyevumilia bendi miaka ishirini hashindwi na mzee mmoja.

Kisha yafungueni magitaa yote mawili mezani. Bisibisi ashike Katarina, si wewe. Kwanza geuzeni nyaya za pikapu yako ikiwa bado ndani ya gitaa lake, aweke swichi katikati, asikie kwamba baba hajamkataa mtu, ni waya tu. Hilo alisikie kabla ya lingine lolote. Baada ya hapo mrudishieni pikapu ya baba yake, muilehemu mahali pake, asikie tena. Achague mwenyewe anachotaka kubaki nacho. Na nikuonye mapema, Mjapani mbele na Mcheki nyuma, zikivuta kwa zamu na zikasawazishwa, ni mchanganyiko mtamu sana, nimewahi kuusikia Tabora nikasahau chai kwenye jiko. Anaweza kuipenda ya kwako. Akiipenda, unaiacha, tena unashukuru, na ya marehemu utaondoka nayo siku utakapopewa kwa mkono, si kwa patasi.

Utani hautakufa, ila utalipiwa. Tarehe ishirini na nne wewe hupigi. Betri ya amplifaya utaibeba wewe, kichwani, kutoka inakochajiwa mpaka uani kwa Pudensiana, ukiwa umevaa kofia ya marehemu ili kila Mfipa wa Makanyagio ajue wa kumcheka. Utaiunga, utakaa chini karibu nayo, utasikiliza wimbo kutoka hatua mbili, mahali ulipozoea.

Katarina akigeuka akakuitia ridhimu, inuka uende. Asipogeuka, kaa na betri yako, na uishike wima, yale maji yake yanatoboa suruali.